Kurasa Saba Zagombania Friji Moja

Saa mbili na robo asubuhi, Dada Kurasa keshakaa kwenye kompyuta, chai pembeni hajaigusa. Nyuma yake friji sita zimepangwa ukutani, milango wazi, na mafundi wawili wanacheza drafti kwa vizibo, wakisubiri simu ya kwanza ya leo. Anaandika kwenye Google maneno matatu tu: fundi wa friji.

Leo Ijumaa, na Ijumaa ndiyo siku ya mwisho aliyopewa. Mjomba wake, mwenye karakana na ndiye anayepokea simu, alishasema: simu za wateja zisipoongezeka, tovuti anaifunga, na yeye atafute kazi kwingine.

"Mjomba hatanii," anasema, macho kwenye kioo cha kompyuta. "Akisema anafunga, anafunga."

Hilo jina la Dada Kurasa alibandikwa na mafundi, na wala si kwa sifa. Kila ukurasa wa tovuti ulipoporomoka kwenye Google, yeye anaandika mwingine, habari ileile. Miaka miwili, kurasa saba, zote za fundi wa friji! Alidhani anaongeza nguvu, kumbe anazigombanisha. Leo Google inatoa huu, kesho ule, mwisho zote zikazama chini huko ambako mtu hafiki. Simu kumi na nne kwa wiki zikawa tatu.

"Ni kama nimetuma watoto saba kuomba kazi moja," anacheka. "Wao wanavutana mashati mlangoni, jirani anapita katikati anaingia."

Alishtuka siku alipozichapa zote kwenye karatasi, akapigia mstari mwekundu kila kilichojirudia. Karatasi zikawa nyekundu tupu!

Wiki tatu zilizopita akachagua mmoja, ule wa zamani ambao wateja walizoea kutumiana. Vitu vizuri vya zile sita akavihamishia humo: bei, dalili za gesi kuisha, picha ya mlango unaovujisha baridi. Halafu akatengeneza njia, ili anayebonyeza anwani ya wowote kati ya zile sita apelekwe moja kwa moja kwenye huo mmoja.

Ugomvi wake sasa!

"Ukurasa wenye picha yangu usiuguse!" mjomba aliwaka.

"Mjomba, huo ndio unaowakaba wenzake."

"Ile suti niliazima, mama!"

"Suti tutaihamisha, Mjomba. Haitabaki nje."

Sasa majibu yanafunguka. Anashuka na kidole. Mmoja, wa pili, wa tatu… wa nne ndio wake! Kiti kinaanguka.

"Na wewe tafuta kwenye simu yako!" anamfokea fundi. "Usinitie moyo bure!"

Fundi anatafuta. "Wa nne, dada. Na suti ipo."

Mjomba anatokea ofisini, simu sikioni, anawapungia mafundi wachukue mkoba wa vifaa. Anakata.

"Ya ishirini na moja wiki hii," anasema.

"Basi?"

"Basi nini? Kaandike ukurasa wa mashine za kufulia. Mmoja! Umenisikia? Mmoja!"

Dada Kurasa keshabandika karatasi ukutani: kila ukurasa na maneno yake, hakuna kuingiliana. Lakini jicho lake liko dirishani, kwenye duka la magodoro ng'ambo ya barabara.

"Nikimaliza hapa navuka," ananong'ona, uso unameremeta. "Yule ana kurasa tisa za godoro moja. Nimezihesabu."