Ngozi ya Nduku

Kathini hakuamini kwamba ngozi ya mtu wa miaka hamsini na minane inaweza kung'aa vile bila kuwa na kitu kilichofichwa nyuma yake.

Alikuwa na sababu. Katika ujana wake alinunua krimu kwa mwanamke aliyepita Nunguni na kikapu, akaahidiwa uso laini kwa wiki mbili. Alichopata ni mashavu yaliyobabuka na madoa meusi chini ya macho ambayo hayajatoka mpaka leo. Tangu hapo, akiona uso mzuri, swali lake la kwanza ni umenunuliwa wapi.

Safari hii uso mzuri ulikuwa wa dada yake mwenyewe. Nduku alimtangulia kuzaliwa kwa miaka sita, akaolewa Migwani, akafiwa na mume, akabaki huko akilima ndengu. Kathini aliendesha hoteli ndogo ya mabati kando ya soko la Nunguni: mandazi na chai ya maziwa asubuhi, chapati na maharagwe mchana. Walionana kwa nadra. Ndiyo maana walipokutana Kikima mwezi wa nane, kwenye sherehe ya mahari ya mpwa wao, Kathini alishtuka. Nduku alikuwa amepungua, shingo imenyooka, uso laini kama wa mtu aliyetoka kuoga. Kana kwamba hiyo haikutosha, mzee mmoja wa upande wa wakwe alimgeukia Nduku akasema kwa heshima, "Mama, hebu mpishe dada yako mkubwa akae."

Watu walicheka. Nduku naye alicheka, akasimama. Kathini alikaa kwenye kile kiti, na nyama ya siku hiyo hakuigusa.

"Unapaka nini?" alimuuliza dada yake walipokuwa wakiosha vyombo.

"Mafuta ya mgando tu," Nduku akajibu. "Nakula vizuri."

Nakula vizuri. Hata yule wa kikapu alikuwa akisema hivyo.

Mwezi uliofuata Kathini alimwachia mkaza mwanawe, Mbinya, hoteli, akaenda Migwani akidai anatafuta ndengu za kununua. Siku ya kwanza kazi yake ilikuwa kutazama sahani ya dada yake. Nduku alikula githeri yenye mahindi machache na maharagwe mengi, rundo zima la mboga za kunde, na kipande cha papai. Uji wake wa wimbi aliutia ukwaju, sukari hakuna. Chai, rangi tupu. Maji aliyanywa mchana kutwa. Kathini alijiambia moyoni kwamba hayo ni maonyesho ya kumpumbaza mgeni. Mbuzi nao hula majani maisha yao yote, na hajasikia mtu akisifu nyuso zao.

Siku ya pili Nduku alikwenda kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa. Mlango ulipofungwa tu, Kathini alianza kupekua. Aliangalia juu ya kabati, chini ya godoro, ndani ya sanduku la vitenge. Alipata kopo la mafuta ya mgando lililofika nusu, kipande cha sabuni na kitabu cha nyimbo. Karibu aone aibu. Kisha akakumbuka kitu: asubuhi hiyo, kabla ya kutia chochote mdomoni, Nduku aliingia chumbani na kimfuko cheusi, akaweka komeo. Alipotoka, alinukia spiriti ya hospitali. Na kile kimfuko hakikuwa chumbani. Nduku alikuwa amekibeba kanisani.

Usiku huo usingizi ulimpaa, akawa anainuka kunywa maji. Aliwahi kusikia kwamba huko Nairobi kuna wanawake wanaochomwa sindano za kung'arisha ngozi. Lakini sindano hizo ni za wenye pesa, na Nduku pesa amezitoa wapi? Au kuna mwanamume?

Asubuhi ya tatu komeo halikuingia sawasawa. Kathini alisukuma mlango kwa ncha ya kidole. Nduku alikuwa ameketi kitandani, amejitoboa kidole, anakikamua. Tone la damu lilisimama pale, jekundu, naye analitazama kama mtu anayesubiri lizungumze.

Kathini alikuwa shemasi kanisani kwao. Alikumbuka mahubiri juu ya watu wanaotoa kafara ya damu.

"Mama Mwau," alisema, akimwita dada yake kwa jina la mwanawe, "hiyo damu unampa nani?"

Nduku aligeuka taratibu. Hakuficha mkono. "Ingia ufunge mlango."

"Siingii mpaka uniambie."

"Simpi mtu. Napima sukari." Alimwonyesha kimashine kidogo kama simu. "Nina kisukari, Kathini. Mwaka wa tatu sasa."

Kathini alibaki mlangoni. Alitaka kusema ni uongo, lakini pale kitandani palikuwa na kadi ya kliniki iliyochakaa, tarehe zimejaa pande zote mbili.

"Mbona hukutuambia?"

"Unakumbuka mama alipokatwa mguu kwa ugonjwa huuhuu. Watu walikuja kumwona kama wanaoaga maiti. Sikutaka kutazamwa hivyo." Nduku alifuta kidole. "Kliniki waliniambia niache sukari, nipunguze mafuta, nile mboga, nitembee. Nilitii kwa sababu ya woga. Mambo ya ngozi sikuyafikiria hata siku moja. Yalikuja yenyewe." Akamtazama dada yake. "Na wewe mbona unakunywa maji vile usiku? Lete kidole."

Kathini alikataa, kisha akatoa. Kimashine kilisoma kumi na moja na kitu, ilhali hakuwa amekula, na kabla ya kula haifai kufika saba.

"Kimeharibika hicho," akasema.

Walikwenda kliniki pamoja. Mashine ya huko ilikuwa nyingine, kubwa zaidi, na Kathini aliikagua kabla ya kukubali kuchomwa. Ilisema vilevile. Muuguzi alichukua damu nyingine ya mkononi, akampa tarehe ya kurudi, na mwisho wa siku hiyo Kathini alikuwa na kadi yake mwenyewe.

Aliporudi Nunguni aliendelea kukaanga mandazi, maana ndiyo riziki yake, lakini hakuyaonja tena. Chai yake akaanza kuinywa bila sukari, pembeni, kwenye kikombe chake. Wateja waliliona hilo upesi. Musyoka, fundi wa viatu aliyekunywa chai pale kila siku, alilichukua andazi moja, akalinusa, akalirudisha sahani.

"Mama, zamani ulikuwa unakula na sisi. Siku hizi umeweka nini humu ambacho wewe hutaki?"

Watu wa meza zote wakageuka. Kathini aliyaona macho yao, akayajua, kwa kuwa hivyo ndivyo yeye alivyomtazama Nduku. Angeweza kusema meno yanamuuma.

"Nina sukari," alisema. "Nimepimwa. Mandazi ni yaleyale."

Musyoka alitazama chini. Vikombe vikaanza kugongana tena. Baadaye, hoteli ilipopungua watu, Ndunge anayeuza maparachichi alipitia mlango wa jikoni, akasimama karibu na jiko kana kwamba anaota moto.

"Hiyo ya kupimwa," aliuliza kwa sauti ndogo, "inauma?"