Jina Ambalo Mzee Mchopa Hakulitamka

Siku Jafari alipomwona Thabiti Mchopa kwa mara ya kwanza, alimrushia jiwe. Alikuwa na miaka saba, anarudi kisimani, akakuta mwanamume asiyemjua yuko juu ya paa la nyumba ya mama yake pale Ziwani, anachomoa makuti. Akajua ni mwizi. Jiwe likampata yule mtu kwenye goti. Hakupiga kelele wala hakushuka. Alijipapasa goti, akatazama chini, akasema, "Shabaha unayo. Haya, nirushie na lile kuti pale, ulenge hukuhuku."

Mama yake, Rukia, alitoka jikoni akicheka mpaka kanga ikamlegea. "We mtoto! Huyo ndiye anayekuja kunioa. Unataka kumuua hata ndoa haijafungwa?"

Baba mzazi wa Jafari, Ramadhani, alikuwa amevuka Ruvuma kwenda Msumbiji miaka minne nyuma. Talaka ilikuja kwa mdomo wa msafiri, na baada ya hapo kimya. Thabiti alitoka Mahurunga, bondeni kule mtoni, kwenye mpunga. Kwa desturi za kwao mwanamume ndiye anayehamia kwa mke, basi akahamia, na jembe lake, godoro la sufi na baiskeli isiyo na breki.

Walipokwenda kuandikisha darasa la kwanza, mwalimu aliuliza jina la baba wa mtoto. Jafari alimtazama Thabiti. Thabiti akajibu bila kusita, "Andika Ramadhani. Mimi namlea tu. Mtoto hanyang'anywi nasaba yake." Kisha wakarudi nyumbani kwa baiskeli ileile, mteremko mzima wakiburuza miguu chini ili wasiingie kwenye miiba.

Siku wavulana walipotoka jandoni, Thabiti alifika kabla ya wazazi wote, amebeba shati jipya la Jafari, bado lina pini kwenye kola. Jafari alipomaliza darasa la saba na jina lake lisionekane kwenye orodha ya waliochaguliwa, Thabiti hakumsema. Alimpa panga, wakaingia shambani. Akamfundisha mikorosho: kupunguzia matawi, kuacha nafasi, kutambua ugonjwa wa ubwiri unga kwenye maua kabla haujatapakaa. Yeye na Rukia hawakujaliwa mtoto. Jafari ndiye alikuwa wote.

Na Jafari alikuwa na haya kupita kiasi. Mbele za watu maneno yalimkauka. Hata posa ya Fauzia, aliyoipeleka akiwa na miaka thelathini na sita, aliyekwenda kuongea yote ni Thabiti. Jafari alikuwa nyuma ya nyumba ya wakwe, anakagua mbuzi wa watu kama aliyekuja kununua.

Mwaka uliofuata Rukia alifariki. Arobaini ilipokwisha, wapwa wa Thabiti walikuja kutoka Mahurunga kumchukua. "Mjomba, mke hayupo. Hapa unamkalia nani?"

"Fauzia ana mimba," Thabiti akasema. "Namsubiri somo yangu."

Alikuwa na maana ya mjukuu wa kubeba jina lake. Hakuna aliyebisha. Mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu, na babu aliyekuwepo ni yeye. Wapwa wakaondoka bila mtu.

Mtoto akazaliwa, wa kiume. Siku ya sita akaja mgeni kutoka Likombe, Hamisi, mdogo wake Ramadhani, ambaye Jafari hakuwa amemwona tangu utotoni. Akakaa kwenye kiti, akavua kofia.

"Kaka amefia Msumbiji. Mwezi wa pili sasa. Hakuacha mtoto mwingine ila wewe. Huyu wako atapewa jina lake, au jina la kaka yangu lipotee hivihivi?"

Jafari alikuwa na mengi ya kusema. Akainamisha kichwa. "Sawa, baba mdogo."

Mgeni alipokwisha kuaga, Fauzia akamfuata uani. "Utamwambia mzee?"

"Nitamwambia."

"Leo, Jafari. Asije akasikia mbele za watu."

"Nimesema nitamwambia."

Kesho yake asubuhi alimkuta Thabiti anapiga kanzu pasi ya mkaa, anapuliza majivu yasiangukie kitambaa. Kando yake kulikuwa na kikofia kidogo cha kushonwa kwa mkono. "Kitampwaya," Thabiti akasema, "lakini kichwa kinakua. Unataka kitu?"

"Hapana, baba. Nimekuja kuuliza kama kuni zinatosha."

"Kuni tangu lini zikawa kazi yako?"

Mchana watu wakajaa. Nywele za mtoto zikanyolewa. Mwalimu wa madrasa akauliza jina. Thabiti alikuwa amekaa mbele kabisa, kanzu inang'aa, ameinua kidevu. Jafari akatazama mkeka, akasema, "Ramadhani."

Watu wakamgeukia Thabiti. Mtu akakohoa. Thabiti ndiye aliyesema kwanza. "Jina zuri," akasema. "Jina la mwezi mtukufu. Endelea na dua, mwalimu." Na kikofia akamvalisha mtoto kwa mkono wake mwenyewe. Kikamfunika mpaka puani, watu wakacheka, shughuli ikaendelea.

Jafari alidhani mzee ataudhika, arudi kwao Mahurunga. Hakurudi. Alimbeba mtoto mgongoni kama wanawake, akamchongea gari la mbao, akamfundisha kuogelea kwenye maji ya mkoko na kutukanana kwa utani wa babu na mjukuu.

"Mume mwenzangu! Njoo unikune mgongo."

"Jikune mwenyewe, mzee mbovu."

"Sikiliza huyu! Bibi yako alinipenda mimi, wewe hakukuona hata sura."

"Angeniona angekuacha."

Thabiti alikuwa akicheka mpaka anakohoa. Fauzia naye alicheka. Jafari peke yake alikuwa anasikiliza kitu kingine. Katika miaka kumi na moja hakuwahi kumsikia mzee akilitamka jina la mtoto. Mume mwenzangu, mgomvi wangu, we chizi, hayo aliyatamka; jina, kamwe. Wageni wakiuliza mtoto anaitwaje, mzee alijibu, "Huyu? Huyu ni adui yangu." Wageni walicheka. Jafari alitoka nje.

Kila mwaka alijiapiza kwamba atasema. Mara moja kweli alisema. Ilikuwa msimu wa kupulizia mikorosho salfa, dawa ya ubwiri, asubuhi umande haujakauka kwenye majani. Jafari alikuwa na mashine mgongoni, mzee amesimama upande wa pili wa mkorosho akiangalia upepo, wote wamejifunga vitambaa usoni. Mashine inanguruma, vumbi la njano limetanda juu ya mti. Ndani ya kitambaa, Jafari akasema, "Baba, nisamehe lile jina."

Mzee akaweka kiganja sikioni. "Unasemaje?"

Jafari akazima mashine. Shamba likawa kimya kabisa. "Nasema upepo umeanza."

"Haya, basi tuache hapo."

Na mwaka ule ukapita. Ukapita na mwingine.

Mwaka huu mwezi wa tatu Thabiti aliugua kifua. Hospitali ya mkoa walimlaza wiki mbili, kisha wakasema arudi nyumbani, awe karibu na watu wake. Wapwa walituma ujumbe kwamba Mahurunga kuna nyumba imeandaliwa. Alikataa. Jafari akaacha shamba mikononi mwa jirani, Gaudensi, akawa anamwogesha, anamlisha uji kwa kijiko, anamgeuza kila baada ya muda ili mgongo usichubuke. Mwili uliokuwa unabeba magunia ulikuwa mwepesi, na wepesi ule ulimtisha. Akaona kwamba akingoja tena atabaki na neno lake maisha yake yote, la kuliambia kaburi.

Siku ya Alhamisi, baada ya alasiri, Fauzia alikuwa kisimani na mtoto yuko madrasa. Jafari akakamua kitambaa, akakiweka kwenye beseni.

"Baba."

"Ee."

"Lile jina la mtoto. Nilijua tangu jana yake. Nilikukuta unapiga pasi, nikashindwa kusema. Nikakuacha ukae mbele za watu vile. Naomba radhi yako."

Mzee aliendelea kutazama paa. Jafari akadhani hakusikia, na akajua kwamba safari hii atarudia hata kwa sauti kubwa.

"Kwa nini mimi sikukuuliza?" mzee akasema mwishowe. "Nilikuwa nakungoja wewe. Nikasema atakuja, ana haya tu. Nikangoja."

Jafari akakaa ukingoni mwa kitanda.

Kilichofuata mzee alikisema polepole, akivuta pumzi katikati ya maneno, mkono wake mmoja umeshika mkono wa Jafari. Kisha alilala, na hakuamka tena mpaka alipokata roho alfajiri ya Ijumaa. Maneno yake ya mwisho yalikuwa haya:

"Radhi unayo, ulikuwa nayo siku zote. Ila usiwaambie watu kwamba halikuniuma. Liliniuma, mwanangu. Linaniuma hata sasa. Haya, nigeuze, ubavu huu umechoka."