Ndovu Tuliowafukuza Kwao

Mama mkwe wangu alikuja kwetu Msambweni kwa siku mbili, akakaa miezi minne. Nayasema haya kwa heshima zote, kwa kuwa hakunikosea hata neno moja, na hilo ndilo lililonimaliza. Laiti angenigombeza, ningepata pa kushika. Yeye alikuwa akiingia jikoni, anaonja mchuzi wangu, ananyamaza kidogo, halafu anakamulia ndimu. Kila mchuzi. Hata ule niliokwisha kuutia ukwaju. Mwiko wangu ukatolewa ukutani ukatiwa kikapuni, chumvi ikahamia kwenye mkebe wa majani ya chai, na mimi nikawa mtu wa kuulizia vitu nyumbani kwangu mwenyewe.

Kwetu mkwe haulizwi ataondoka lini. Hata kuutazama mkoba wake kwa muda mrefu ni utovu wa adabu. Mume wangu ni mwanawe wa pekee, na nilipomgusia jambo hilo alikumbuka ghafla kwamba mnyororo wa baiskeli yake unataka mafuta.

Sababu ya kuja kwake tuliijua, ingawa mwenyewe hakuitaja. Shamba lake liko juu Kwale, hatua chache kutoka mpaka wa hifadhi ya Shimba, na ndovu wa huko wanalijua kama wanavyoijua njia ya kwenda kunywa maji. Kwa zaidi ya miaka thelathini yeye na marehemu mumewe walilinda mahindi yao juu ya dungu, kile kibanda cha miti kinachoinuliwa katikati ya shamba. Mzee alipiga debe, mama alipiga kelele, na ndovu walirudi msituni wamenuna. Mzee alipofariki, mama alijaribu kulinda peke yake. Jirani ndiye aliyetupasha habari: jioni moja ndovu jike aliliegemea dungu kwa bega, tena bila hasira, anajikuna tu, na mama akaruka chini na kukimbia hadi barabarani na kiatu kimoja. Kesho yake alikuwa mlangoni kwetu, kanga zake mkobani, amekuja kutujulia hali.

Mvua za masika zilikuwa zinakaribia. Shamba lisipolimwa msimu huo lingeshikwa na magugu, na mama angekuwa wetu moja kwa moja. Yeye mwenyewe alikuwa akitoka uani asubuhi, anatazama mawingu upande wa Kwale, kisha anaingia ndani. Nilimwonea huruma. Lakini nitakuwa mwongo nikisema huruma ile ilizidi hamu yangu ya kuurudisha mwiko ukutani.

Ndipo nikapata wazo. Nilijiambia kwamba mtu akimwona ndovu ametulia, yuko kwake, anakula majani yake, woga utamtoka. Twende tukapige kambi humo humo hifadhini. Mume wangu akaazima gari na hema kwa mfanyakazi mwenzake wa Diani, na mama tukamwambia tunakwenda kupunga upepo.

Alifungasha kama anayehama. Mbuzi ya kukunia nazi, nazi sita, sufuria mbili, mikeka mitatu, na ndimu zisizo idadi. Langoni tulipokelewa na mlinzi wa hifadhi, bwana mmoja wa makamo mwenye sare iliyopigwa pasi vizuri. Alimwamkia mama shikamoo, akamweleza kwa furaha kwamba siku hizo ndovu walikuwa wengi na bila shaka angewaona.

"Marahaba, mwanangu," mama akajibu. "Yaani watu hulipa ili wamwone ndovu? Kwangu huja mwenyewe, wala hapigi hodi."

Mume wangu aliliendesha gari polepole akijifanya mwongoza watalii, na mama akakaa dirishani kama shahidi aliyeitwa kituoni kutambua washukiwa. Nyani walipovuka njia alisema, "Hao ni wa mahindi mabichi." Nguruwe mwitu alipotokea na wanawe, mkia juu, akasema, "Mihogo. Na huyo mkubwa ana kovu, namjua." Tumbili walikuwa wa maembe. Mbega walio juu ya mti aliwasamehe kwa sababu ya mavazi yao. Mwishowe tukamwona palahala dume amesimama kwenye nyasi, mweusi, pembe zimepinda kuelekea mgongoni, na mume wangu akatangaza kwamba mnyama huyo hapatikani porini kwingine kokote nchini.

Mama alimtazama kwa muda mrefu. "Huyu simjui," akasema. "Huyu hajawahi kunikosea."

Tulipiga kambi kwenye uwanja wa nyasi ukingoni mwa msitu. Kando yetu walikuwapo mtu na mkewe kutoka Nairobi, na kamera yenye mdomo mrefu kama bomba la maji. Mume wangu alipigana na hema hadi adhuhuri ikapita. Lilipokubali kusimama, mama alilizunguka, akapiga hodi, akainama akaingia, akatoka akisema ni zuri kwa kuwekea kuku.

Baada ya sala ya alasiri mama alibaki ameketi kwenye mkeka. Mume wangu alikuwa amekwenda kutafuta kuni kavu. Mimi nilikuwa nimekwisha kukuna nazi na kukamua tui, sufuria iko mbele yangu, mchele umeoshwa, nami najisifu moyoni kwamba mpango wangu unakwenda vizuri. Ndovu wakatoka msituni. Watano, na mtoto mmoja katikati yao. Ndovu hana kishindo kama watu wanavyodhani. Ulikuwa mti, kisha ukawa ndovu.

Mlinzi, aliyekuwa amekuja kututazama, akanyanyua kiganja kutuonyesha tukae kimya. Wale wa Nairobi wakaganda na kamera yao. Kwa kweli ilikuwa picha ya kupendeza: ndovu wametulia kabisa, wanachuma majani, kama nilivyopanga.

Kisha nikahisi mkono wa mama umenishika kifundo cha mkono. Ulikuwa wa baridi, na haukutaka kuniachia. Miezi minne nilikuwa nimeusimulia woga wake kwa mashoga zangu kama kichekesho, hasa kile kiatu kimoja, na sasa ulikuwa umenishika mkono. Niliona haya, haya ya kweli.

"Piga," akaninong'oneza.

"Nipige nini, mama?"

"Sufuria. Kelele nitapiga mimi. Piga, mwanangu."

Nilimtazama mlinzi. Kiganja bado kilikuwa juu. Nikamtazama mama. Katika miezi minne hakuwa ameniomba hata kikombe cha maji, alikuwa akijichotea. Basi nikaumwaga ule mchele wangu wa jioni na tui lake kwenye nyasi, nikaipindua sufuria, nikachukua mwiko nikapiga. Nilipiga kama mtu aliyechokozwa. Mama akainuka, akafungua leso yake na kuipunga juu ya kichwa, na sauti iliyotoka katika mwili ule mdogo sijui ilikuwa imehifadhiwa wapi.

"Tokeni! Nendeni kwenu! Hamna haya? Nendeni kwenu!"

Ndovu wakageuka. Yule mkubwa alitutazama kidogo, masikio wazi, nadhani kwa mshangao zaidi kuliko hasira, kisha akamsukuma mtoto mbele kwa mkonga na wote wakaingia msituni. Mlinzi akatufikia mbio, kofia mkononi.

"Mama," akasema akihema, "hapa ndipo kwao."

Mama akaishusha leso. Aliutazama msitu, akalitazama hema, akaitazama mikeka yetu mitatu.

"Kweli," akasema. "Sisi ndio tuliokuja. Niwie radhi, mwanangu, ni mazoea."

Mlinzi aliuma mdomo. Alisema tukirudia itambidi atutoe, na alipotupa mgongo niliona mabega yake yakitikisika. Yule bwana wa Nairobi akaja kutuonyesha picha pekee aliyopata kuipiga: mimi na sufuria, mama na leso hewani, na nyuma yetu makalio kumi na mawili ya ndovu, kama sikosei katika kuhesabu. Mkewe alisema, "Shosho, wewe ni moto." Mama aliniuliza shosho ni nani. Nilimwambia kwa watu wa Nairobi ni bibi, yaani yeye.

Jioni tulikula mkate na chai kavu. Mume wangu, aliyerudi na kuni akakuta hakuna cha kupika, alikula kwa unyonge. Mama alimeza vipande viwili vitatu, kisha akasema, bila kunitazama:

"Unapiga vizuri. Mkono wako una nguvu kumshinda marehemu."

Hiyo ilikuwa sifa yangu ya kwanza tangu niolewe, na nilifurahi kupita kiasi.

"Ndovu wana kwao," akaendelea, "na mimi nina kwangu. Kesho msinirudishe Msambweni. Mnishushe nyumbani nitengeneze shamba."

Kidogo nipige vigelegele. Niliuona mwiko umetundikwa ukutani, chumvi imerudi kwenye kopo lake. Mama akaizungusha ile sufuria mapajani, anapapasa mahali ilipobonyea.

"Ila naogopa," akasema. "Kelele ninazo. Mpigaji ndiye sina."

Mkwe haombi, na mimi nilijua hivyo, na yeye alijua kwamba najua. Mume wangu aligundua ghafla kwamba moto unataka kuchochewa.

"Nitakuja, mama," nikasema.

Basi jiko langu nimelipata tena, alhamdulillah. Mwiko uko ukutani na hakuna anayeugusa, kwa kuwa mahindi yanapoanza kubeba mimi huwa Kwale, juu ya dungu alilolijenga upya mume wangu, limeinama kidogo upande wa kibla. Wali tunaupikia chini yake. Mama anaonja mchuzi wangu, ananyamaza kidogo, halafu anakamulia ndimu.

Msimu uliopita, magharibi ikiingia, nilimwuliza kama zamani, alipokuwa na mzee, hakuwa akiogopa.

"Nilikuwa naogopa kila siku," akasema. "Lakini nilikuwa nikimsikia anapiga."

Jioni ile hakutokea ndovu hata mmoja. Niliichukua sufuria nikapiga hivyo hivyo.