Ingrid Akinyamaza

Kila Jumamosi asubuhi klabu yetu ya mbio hupanda mlima wa Gihosha ikiimba, na mimi ndiye mwanzishaji wa nyimbo. Ingrid, ambaye mimba yake imekuwa kubwa, hutufuata nyuma kwa mwendo wa haraka. Mkunga alimwambia mazoezi ni mazuri mradi aweze kuimba. Pumzi zikimkatika, apumzike.

Mkunga yule naye! Tangu siku hiyo sina raha. Naimba huku sikio langu liko nyuma. Lakini anayeogopa kuliko sote ni mama mkwe wake, Mama Bonfils. Alimkataza mbio katakata, na aliposhindwa akavaa kandambili zake akaanza kumfuata mlimani, mdomo kaufunga, akiisikiliza sauti ile kama mtu anayechunga maziwa motoni.

Jumamosi iliyopita, kwenye kona ya wauza mkaa, sauti ikakatika.

Klabu nzima ikasimama. Ingrid alikuwa wima, mikono tumboni.

"Pumzi zimekwisha?" nilimuuliza.

"Apana, pumuzi niko nayo. Ni hapa damu ilianza kutoka, ile mimba ya kwanza. Nilikuwa natoka sokoni tu."



Mama Bonfils, ambaye hajawahi kuimba nasi hata siku moja, akamshika mkono. Akaanzisha ubeti kwa sauti ya kutetemeka, akamvuta taratibu mpaka wakaipita ile kona.

Mimi, mwanzishaji, nilishindwa kuitikia.