Siku Niliyombishia Mtafsiri wa Banda la Video

Wanangu walikuwa wakibishana tangu tutoke Arusha. Mkubwa alisema stelingi wa ile filamu waliyoitazama Jumapili hajafa, atarudi sehemu ya pili. Mdogo alisema kafa, kwa sababu amemwona akizikwa. Mkubwa akacheka. "Kwani kuzikwa ndiyo kufa? Hao wote hurudi." Nikageukia dirisha. Mlima Kwaraa ulikuwa umejifunika wingu, nyumba za kwanza za Babati zinaanza kuonekana, na mimi nikajikuta nimekaa tena kwenye benchi la mbao, kwenye banda la video karibu na soko, miguu haijafika chini.

Kama ulikulia mji wowote wa bara miaka ile, banda la namna hiyo unalijua. Ukuta wa mabati, madirisha yamezibwa kwa magunia ili mwanga usiingie, televisheni moja juu ya meza ndefu, na nje jenereta inayonguruma mpaka meno yanatetemeka. Mlangoni mama mmoja aliuza mihogo ya kukaanga yenye pilipili na chumvi. Mkoa wetu wa Manyara ulikuwa mpya kabisa. Kila wiki lori lilishusha meza na makabati ya ofisi fulani, na wageni walikuwa wengi kuliko vyumba vya kupanga. Sisi watoto wa mtaa wa Maisaka tulijiona watu wa mjini kweli.

Mwenye banda ndiye aliyekuwa mtafsiri. Alikaa pembeni ya televisheni na kipaza sauti, kofia yake ya kufuma kichwani, akitueleza kwa Kiswahili kila wanachosema. Sauti ya msichana aliifanya nyembamba, ya adui aliikwaruza. Kanda zake nyingi zilitoka Arusha, na aliyemletea alikuwa baba yangu, dereva wa lori la mbaazi.

Mimi baba aliniletea vitabu vya katuni. Nilichokipenda kupita vyote kilimhusu fundi wa kuchomelea mageti, aliyeangukiwa na kimondo akapata nguvu za kukunja chuma kwa mikono. Kiingereza cha baba kilikuwa cha kuokoteza, lakini alinisomea bila aibu. Asipolijua neno aliitazama picha, akakohoa, akasema anachoona. Mwisho wa kitabu ukuta wa bwawa unapasuka. Fundi anauzuia kwa mabega yake ili maji yasimeze mji, na kule chini baba yake, mlinzi wa bwawa, anazama akimwangalia. Akiachia ukuta, mji unakufa. Haachii. Ukurasa ule baba hakuutafsiri hata mara moja. Aliufunua tu, tukautazama wote wawili.

Baba alikufa masika. Aliugua siku tisa. Msibani watu walilia, mama alilia mpaka sauti ikakauka, mimi sikutoa hata chozi. Niliosha vyombo, nilichambua mbaazi na bibi uani, nilikwenda shule. Bibi, kwa Kiswahili chake chenye lafudhi ya Kigorowa, alinitazama akasema, "Maji yakikataa kutoka, yanaoza ndani." Sikumwelewa.

Kisha ikaja habari kwamba kile kitabu kimetengenezewa filamu, na kanda iko bandani. Jumamosi mchana nilikuwa wa kwanza mlangoni.

Ndugu yangu, nilikasirika tangu dakika ya kwanza. Fundi wangu wa kitabuni alivaa ovaroli yenye matobo ya cheche. Huyu wa kwenye filamu walimvika nguo inayong'aa, imembana kama soksi. Tena wakampa bunduki! Mtu anayekunja chuma kwa mikono, bunduki ya nini? Nilinung'unika hadi jirani yangu wa benchi akaniambia ninyamaze. Lakini walipofika bwawani nikasamehe yote. Ule ukuta ulikuwa uleule. Maji yalikuwa yaleyale, na sasa yalikuwa na sauti. Mzee alizama. Nikashika ubao wa benchi kwa mikono miwili.

Mtafsiri akasema, "Mzee amechukuliwa na maji, lakini wavuvi wamemwopoa kule chini. Yuko hospitali, anaendelea vizuri."

Kwenye kioo likatokea jeneza, na fundi amepiga magoti kando yake.

"Hapa wanamzika mlinzi mwenzake," mtafsiri akasema.

Sijui nilisimama saa ngapi. "Mwongo! Amekufa! Kitabuni amekufa!"

Banda likalipuka. "Kaa chini wewe!" "Huyu mtoto wa nani?" Mtafsiri akasimamisha kanda. Picha ikaganda, imejaa michirizi.

"Nani amesema?"

"Mimi, mjomba. Baba yake amekufa. Sema amekufa."

Kelele zikafifia zenyewe. Nadhani waliokuwa wanatufahamu waliwanyamazisha wengine. Kisha mtafsiri akairudisha kanda nyuma mpaka pale bwawani na kushika tena kipaza sauti. Safari hii hakuigiza sauti ya mtu, alitumia yake mwenyewe. "Baba yake amekufa. Mtoto alimwona, na hakuweza kumfikia. Si kosa lake."

Nikalia. Nililia kwa sauti, mbele ya wanaume wazima, hadi filamu ikaisha, na hakuna aliyeniambia ninyamaze. Mama wa mihogo aliingia akaketi nami, akaniegemeza begani pake palipokuwa pananuka mafuta ya kukaangia.

Watu walipotoka, mtafsiri alinikuta nje. "Nilikuona ukiingia," akasema. "Tulipofika pale ulimi ukagoma kutamka kifo. Nisamehe, mwanangu. Nilidhani nakusaidia."

"Na bunduki?" nikamuuliza kwa kwikwi. "Bunduki umeiongeza wewe?"

Akacheka huku anajifuta macho. "Hapana. Hiyo ni ujinga wao wenyewe."

Tangu siku ile nina msimamo wangu, na wanangu umewachosha. Badilisheni nguo, badilisheni nywele, hamisheni hadithi mwezini mkitaka. Filamu si lazima ifuate kitabu kama kivuli. Ila pale kitabu kilipolipa kwa uhai wa mtu, msirudishe chenji. Siku hizi wanarudisha, kisha wanaita sehemu ya pili.

Banda halipo. Zilipokuja DVD za bei rahisi, zimekwisha kutafsiriwa hukohuko Dar, watu walibaki majumbani kwao, na jenereta ikanyamaza. Mara ya mwisho nilimwona mtafsiri stendi, mimi nikiwa kidato cha tatu, yeye akihamia Singida kwa mwanawe. Nilimwamkia. Akaitikia marahaba, akaniuliza siku hizi ninasoma nini. Nikamweleza riwaya niliyokuwa nayo, ya watu waliohamia nyota nyingine wakasahau lugha yao. Alisikiliza yote, kondakta akimwita, mizigo yake imeshapakiwa.

"Wanaikumbuka mwishoni?"

"Hapana, mjomba."

Alivua kofia yake, akaivaa tena vizuri.

"Basi usije ukawaambia watu wameikumbuka," akasema, akapanda basi.