Picha ya Furaha ya Mtihani

Tulikuwa watatu nyumbani, mtaa wa Okolona: mimi, binti yangu Espérance, na binti yake Furaha, aliyekuwa anajiandikisha kwa simu kufanya mtihani wa kuingia chuo. Simu ikaomba picha yake.

"Peke yako? Hiyo ni picha ya kilio!" nikasema, nikakaa karibu naye na kitenge changu kipya. Espérance akatupiga picha.

"Koko, nitakukata kwenye picha," Furaha akaniambia mimi bibi yake, akaenda kusonga ugali.

Bon, nikamsaidia. Bila miwani, nikavuta picha kwa kidole hadi ukabaki uso mmoja, nikatuma.

Siku ya mtihani tukamsindikiza. Msimamizi mlangoni akatazama picha, akamtazama Furaha, akanitazama mimi.

"Picha isipofanana, mtu haingii. Bibi, karibu ndani."

Nadhani Espérance alicheka kabla Furaha hajalia. Mliokuwa kwenye foleni, nisahihisheni.