Neno Lililofukuza Feza ya Papa

Nilipokuwa mtoto kule mtaa wa Mapendo, ungeweza kumtukana jirani ukapona, lakini ukisema "kutapanya feza" mbele ya Tate, bibi yetu mzaa baba, ulikuwa umejitakia. Kutapanya maharage juani, sawa. Kutapanya majivu shambani, sawa. Feza ilikuwa ya "kutumia" tu, hata ikinunua upuuzi. Tate aliamini feza ina masikio: ikisikia inatapanywa, inahama nyumba.

Nilikuwa na miaka minane siku Papa alipoleta redio ya tatu, na zile mbili za kwanza zilikuwa bado zinaimba. Neno likanitoka.

"Papa iko anatapanya feza!"

Tate aliacha kuchambua sombe, majani ya muhogo. "We mutoto, utaona," alisema.

Tuliona. Papa alikuwa mchuuzi wa maharage. Wiki iliyofuata alipanda barabara ya Rutshuru kununua maharage, na feza yote ya nyumba mfukoni, akarudi mikono mitupu. Hakuna gunia, hakuna franga. Alisema imepotea njiani. Mama akamwuliza imepoteaje, na kabla Papa hajajibu Tate alininyooshea kidole.

"Usimuulize mwana wangu. Kinywa ya uyu mutoto njo imefukuza feza."

Nilimtazama Papa, nikingoja aseme neno moja tu la kunitetea. Akainama kufungua kamba za viatu vyake.

Tangu hapo kila asubuhi nilikalishwa nje, juu ya mawe meusi ya volkano, nisukutue kinywa kwa maji ya chumvi huku watoto wa jirani wakichungulia na kucheka. Sikuruhusiwa kushika hata noti ya kununulia sabuni. Mdogo wangu alikatazwa kula nami sahani moja. Shuleni nilifukuzwa kwa kukosa minerval, ile ada ya shule, na njiani nikirudi nilijilaumu mwenyewe. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, wahenga walisema. Kwetu walininyonga na haki wakaninyima. Na mimi niliwaamini! Hilo linaniuma kuliko chumvi.

Baada ya miezi miwili hivi alikuja mwanamke kutoka Kalengera, kwenye barabara ileile ya Rutshuru, mtoto mgongoni, akimwulizia Papa. Nilikuwa bado kwenye mawe yangu. Tate hakumwuliza yeye ni nani. Alimvuta pembeni haraka.

"Mama Furaha, unakuja kutafuta nini huku? Ile feza ya mabati, yenye mwana wangu alikuletea, haikutosha?"

"Imetosha nusu ya nyumba, mama. Na uyu mutoto wa mwana wako anagonjwa."

Mama alikuwa mlangoni, naye alisikia. Siku hiyohiyo alitufungia vitu vyetu, mimi na mdogo wangu, tukahamia kwa dada yake.

Tate alikufa bila kuniomba msamaha. Alijua mwenye kosa tangu mwanzo, ila huyo alikuwa mwanawe, na mimi nilikuwa mdogo, rahisi kubebeshwa. Sijamsamehe, na sioni haya kusema.

Papa sasa anakaa mtaa wa Keshero, amezeeka. Majuzi niliwapeleka wanangu kumsalimia, akawaambia huku akicheka kwamba mama yao alizaliwa na kinywa kibaya, kilichomfukuzia feza yote.

"Papa," nilisema, "ile feza ulipeleka Kalengera, kwa Mama Furaha. Mimi nilikuwa mutoto."

Aliinama kushika kamba za viatu vyake, kama siku ile. Safari hii watoto walikuwa wanamtazama yeye.